Kesi ya Tausi na Nahodha

Muuza nyama alimpa Fundi mgongo. Akaendelea kunoa kisu taratibu, kana kwamba hakuna mtu aliyesimama mbele ya meza yake.

Fundi alisubiri. Kusubiri alikuwa anakujua. Anayeshona kwa cherehani ya miguu hujifunza mapema kwamba uzi ukivutwa kwa hasira hukatika.

"Shemeji," alisema mwishowe, "nipimie nusu kilo, kama kawaida."

"Shemeji wa nani?" muuza nyama akajibu bila kugeuka. "Mtu aliyefungasha sanduku bado ana shemeji?"

"Aliyefungasha ni Tausi. Mimi ni fundi wa hapo kona, uliyeniletea suruali juzi."

"Sauti ni moja." Sasa akageuka, akamtazama kama mtu aliyeibiwa. "Nahodha kakukosea nini? Hanywi. Hapigi. Kosa lake anampenda mama yake. Sasa ukiondoka, sisi tutaambiwa nini na watu? Kwamba kisiwa kizima kimeshindwa kukaa na mke mmoja!"

Akampimia nyama ya mifupa mitupu, akaifunga kwa haraka. Fundi alipokuwa anaondoka, akamsikia nyuma yake: "Na mwambie mjomba wako nimesema!"

Mgeni angedhani muuza nyama ana wazimu, lakini katika mji ule wa kisiwa kikubwa hakuna ambaye angeshangaa. Kila Ijumaa jioni Fundi alifunika cherehani yake kwa kitambaa, akatembea mpaka nyumba ya redio karibu na gati, na huko akageuka kuwa Tausi, binti wa kisiwa kidogo aliyeolewa kisiwa kikubwa na nahodha wa meli ya abiria. Ulikuwa mchezo wa redio. Mtunzi wake alikuwa mjomba wake Fundi, ndugu wa tumbo moja na mama yake, mtu mrefu mwenye kikohozi cha kusafishia koo na mashati ambayo mifuko yake yote ilikuwa na madoa ya wino. Mjomba huyo huyo ndiye aliyekuwa mjumbe wa kisiwa kidogo katika Baraza la Visiwa. Asubuhi mheshimiwa, jioni mtunzi. Walikuwepo waliosema kazi zote mbili ni moja, kudanganya watu mchana kweupe. Yeye aliwajibu kwamba tofauti ipo: "Kwenye mchezo nikidanganya vibaya, watu wanazima redio."

Kabla ya mchezo ule, ukimuuliza mtu wa kisiwa kikubwa habari za kisiwa kidogo, alikuambia huko kuna mbuzi na ubishi. Ukimuuliza wa kisiwa kidogo habari za kisiwa kikubwa, alitema mate kwanza. Vile visiwa vingine vya mbali havikuulizwa kabisa. Wanasiasa walihutubia umoja mpaka makoo yakawakauka, na watu wakapiga makofi, wakarudi makwao kila mtu na kisiwa chake. Mjomba hakuhutubia. Aliwapa mkwe. Akamchukua binti wa huku akampeleka kule, akamwekea mama mkwe mwenye ulimi wa upanga, mume mpole anayemtii kila mtu, na jirani mmbeya kutoka kisiwa cha tatu, kisha akawaacha waishi. Polepole watu wakaanza kuulizana gatini, "Tausi hajambo?" kabla hawajaulizana bei ya samaki. Wanawake wa kisiwa kikubwa ambao hawakuwahi kuvuka maji wakajua mtu wa kisiwa kidogo akikasirika anakuwaje: hanuni wala hatukani, anachukua ufagio anafagia. Na siku moja Fundi alimsikia muuza mchele sokoni akisema "sisi watu wa visiwani", bila kushikiwa fimbo na mtu. Fundi alisimama na kapu lake, akalisikiliza neno lile kama mama aliyeona mtoto wake anapiga hatua ya kwanza.

Sasa Tausi amefungasha sanduku, na chanzo ni meli.

Hapa ndipo mchezo na maisha vilipokuwa vimeshonwa pamoja. Meli ya kweli ilikuwa moja tu, na kila jioni ililala kisiwa kikubwa. Mtu wa kisiwa kidogo akiugua baada ya jua kuzama, dawa yake ilikuwa kuvumilia. Mwezi uliotangulia mwanamke mmoja alijifungulia gatini akisubiri meli ya asubuhi. Mtoto alipona, na watu wakampachika jina la Gati, lakini hasira haikupona. Mjomba akaitia hasira hiyo kwenye mchezo: mama yake Nahodha hataki mwanawe alale nje, basi kila jioni Nahodha anarudi kwa mama, na meli inamfuata Nahodha. Dada yake Tausi akajifungulia gatini. Ijumaa iliyopita, wasikilizaji walisikia makufuli ya sanduku yakibanwa, kisha kimya, na mchezo ukaishia hapo.

Jumatatu ijayo Baraza lilikuwa linapiga kura ya mkataba wa umoja: shule za visiwa vyote kuwa chini ya mamlaka moja, hospitali moja kubwa, na meli kuwa mali ya wote. Kisiwa kidogo kilisema hakitii saini mpaka meli ihame. Kisiwa kikubwa kilisema wale wanadeka. Na Fundi, kwa jinsi alivyotazamwa sokoni asubuhi ile, alijua kwamba watu hawangojei Jumatatu. Wanangojea jioni ya leo. Tausi akiachika, mkataba umekufa.

*

Chumba cha kurushia matangazo kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa magodoro ya sponji na trei za mayai ili sauti zisirudi. Kwenye kona kulikuwa na beseni la maji, ambalo ndilo bahari, sinia la mchele, ambalo ndilo mvua, na mlango mdogo uliosimama peke yake kwenye fremu, haufungui popote. Fundi mitambo, aliyeitwa Masikio kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona, alikuwa tayari nyuma ya kioo na vidude vyake vya kusikilizia kichwani.

Kinyozi, ambaye ndiye Nahodha, alikuwa amekaa amejikunyata.

"Fundi, mimi nimechoka," alianza kabla hajasalimiwa. "Jana nimemnyoa mtu vizuri, shingo imetoka kama yai. Ananiambia, 'Wembe wako safi, ila wewe bado unanyonya.' Akaondoka bila kuniaga!"

"Pole, mume wangu."

"Usiniite mume wangu, labda ni siku ya mwisho."

Fundi alimtazama. Kisha akaona kwamba kwenye kiti cha mama mkwe, chenye mto, alikuwa amekaa mtu mwingine. Ni Katibu wa chama cha Mjomba, viatu vyake vinang'aa mpaka vinaonyesha taa. Katibu hakuwahi kufika redioni. Mjomba alikuwa amesimama dirishani, hafanyi alichozoea kufanya kabla ya mchezo, yaani kutembea huku na huku akisema maneno ya watu wote kwa sauti zao. Alimpa Fundi karatasi zake bila kumtazama.

Fundi alisoma polepole, kama anavyosoma kila kitu. Alipomaliza, alirudi mwanzo akasoma tena. Tausi alikuwa anadai talaka, anaondoka na sanduku, anapanda meli, na akiwa juu ya meli anahutubia.

"Mjomba," alisema. "Haya maneno si ya Tausi."

"Ya nani, basi?"

"Hapa anasema 'haki zetu za kihistoria'. Tausi hajawahi kusema neno refu hivyo. Akikasirika anafagia."

Kinyozi alicheka, akajifanya anakohoa. Katibu alikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Dada," alisema kwa upole wa mtu anayefunga mlango, "wewe umeitwa kusoma. Soma."

"Nasoma, Mheshimiwa Katibu. Ndiyo maana nimeona."

Mjomba alisafisha koo. Akamvuta mpwa wake mpaka kwenye ule mlango usiofungua popote, wakasimama nyuma yake kama watu waliojificha, ingawa kila mtu alikuwa anawaona.

"Mwanangu, uchaguzi uko mlangoni," alisema chini chini. "Watu wetu wana hasira. Wakimsikia binti yao anarudi nyumbani kichwa juu, watanibeba mabegani. Wakimsikia anabaki kule anadhalilika, chama kinamsimamisha mtu mwingine. Na redio hii iko chini ya Baraza. Nikitolewa mle ndani, mchezo wanaufunga. Bora Tausi aachike kuliko afe."

"Na Jumatatu?"

Mjomba alishika kitasa cha ule mlango, akakiachia.

"Mjomba, wewe ndiye uliyempeleka kwa watu. Leo muuza nyama amenipa mifupa kwa ajili yake. Amekasirika kama kaka. Ulishawahi kuona mtu wa kisiwa kikubwa akimkasirikia mtu wa kwetu kama kaka? Zamani walikuwa wanatucheka tu."

Mjomba alifungua mdomo. Kabla hajasema, Masikio alichungulia mlangoni, vidude bado kichwani, waya unaning'inia.

"Mheshimiwa, kuna wakwe nje."

"Wakwe wa nani?"

"Wa Tausi. Na wa Nahodha pia wapo. Wanasema wamekuja kwa kesi."

*

Ukumbi wa redio ulikuwa na benchi mbili zinazotazamana, na benchi zote mbili zilikuwa zimejaa. Upande mmoja walikaa wanawake wa kisiwa kidogo waliovuka na meli ya mchana, na mbele yao mama mnene mwenye mwavuli, ameushika kama bunduki. Upande wa pili walikaa wazee wa kisiwa kikubwa, na aliyewaongoza alikuwa mzee mkavu aliyeuza tiketi za meli maisha yake yote mpaka alipostaafu, na watu bado wakimwita Mzee Tiketi. Hawakuwa wamepatana kukutana. Kila upande ulidhani umewahi peke yake.

"Mimi ni shangazi yake Tausi," alisema mama mwenye mwavuli, Mjomba alipotokea.

Mjomba alipepesa macho. "Mama, Tausi hana shangazi. Sijamwandikia."

"Ndilo kosa lako la kwanza. Umemwoza mtoto bila shangazi, sasa unashangaa ndoa inayumba!"

Wanawake walicheka, na hata benchi ya pili ikatikisika kidogo. Mzee Tiketi aliinua mkono.

"Sisi tumekuja kuomba radhi," alisema. "Kijana wetu amekosa. Mtu akioa hulala kwake, halali kwa mama yake. Lakini hatutaki talaka. Tumemzoea yule binti. Mke wangu akisikia sauti yake huacha hata kugombana na mimi, na hiyo ndiyo nafuu ninayopata kwa wiki."

"Wazee wangu," Kinyozi aliingilia, amesimama mlangoni, "mnajua huu ni mchezo, sivyo? Mimi ni kinyozi. Nina mke mwingine kabisa nyumbani."

"Ona huyo!" Shangazi alimnyooshea mwavuli. "Kumbe na mke mwingine!"

"Mama, si mwingine wa... "

"Kaa chini, mwanangu, utajimaliza," alisema Mzee Tiketi.

Shangazi akageukia watu wote, sauti ikatulia. "Mimi si mjinga. Najua ni mchezo. Najua yule ni fundi cherehani, hata gauni alilovaa nimeliona kwenye dirisha lake. Lakini mtoto aliyezaliwa gatini ni wa mdogo wangu, na huyo si mchezo. Niliushika mkono wa mama yake mpaka asubuhi, tunatazama taa za huku ng'ambo, tunaiona meli yenyewe imelala. Tunaiona! Sasa nimekwenda kwa mkuu wa bandari, akaniambia ni suala la Baraza. Nimekwenda Barazani, wakaniambia ni suala la bandari. Nikasema basi, nitakwenda kwa mama mkwe. Huyo angalau anajulikana anapokaa."

Fundi, aliyekuwa ameegemea ukuta, aliona kitu ambacho macho ya wengine yalikiruka: wazee wa kisiwa kikubwa walikuwa wanatazama chini, wote kwa pamoja, kama wana wa familia moja waliokutwa na kosa. Hakuna hata mmoja aliyesema wale wanadeka.

"Mama," Mzee Tiketi alisema, "hilo la mtoto hatukulijua hivyo. Tulilisikia kwenye mchezo, tukadhani mtunzi ameongeza chumvi."

"Hakuongeza. Alipunguza."

"Basi tuseme wenyewe. Unataka nini ili binti abaki?"

"Meli ihamie kwetu."

"Ikihamia kwenu, wa kwetu wakiwa na dharura ya usiku nao watakesha gatini. Tutakuwa tumeuhamisha msiba tu."

Shangazi alifikiri, akifungua na kufunga kifungo cha mwavuli. Wanawake wake walinong'ona. Mmoja wao, mwembamba, aliyekuwa hajasema neno, akatamka kwa aibu: "Wenye wake wawili wanafanyaje?"

Vicheko vililipuka pande zote mbili. Lakini Mzee Tiketi hakucheka. Alikuwa anamtazama yule mama kama mtu aliyeokota ufunguo.

"Zamu," alisema.

"Zamu," Shangazi alikubali polepole. "Wiki kwa mama yake, wiki kwa mkewe."

"Na meli inalala anapolala nahodha."

"Na ikiwa zamu ya huku, halafu kwetu mtu akaugua?"

"Hapo nahodha anaamshwa. Mume akilala kwa mke mdogo, mkubwa akaugua, haji?"

"Asije, tuone!"

"Basi ameamka. Mafuta ya safari hiyo ni juu ya visiwa vyote, mgonjwa hadaiwi."

Walianza kusema wote kwa wakati mmoja. Nani atapiga simu, nani ataweka taa gatini, mabaharia wa zamu watalala wapi kisiwa kidogo. Mwanamke mwembamba alisema ana chumba. Mzee mmoja alisema kijana wake ni fundi wa injini na anaweza kukaa upande wa pili hata mwezi, kwa kuwa nyumbani hana kazi ila kula. Mambo ambayo Baraza lilikuwa limeyazungusha kwa vikao visivyo na idadi, wale walikuwa wanayapanga kama watu wanaopanga safari ya kwenda kumwona mgonjwa.

Fundi alimwangalia mjomba wake. Mjomba alikuwa ameanza kutembea, hatua mbili huku, hatua mbili kule, midomo inacheza. Alikuwa anarudia maneno yao kwa sauti zao.

*

Mkunga mstaafu, aliyekuwa ndiye mama mkwe wa mchezo, aliingia akihema, akasimama mbele ya kiti chake kilichokaliwa. Bado dakika chache taa nyekundu iwake.

"Wazee wangu, mama zangu," Mjomba alisema, "hayo mliyoyasema hapa ukumbini, mtayarudia ndani?"

"Hewani?" Shangazi aliishika kanga yake. "Nimevaa hivi?"

"Redio haionyeshi, Mama."

"Najua. Lakini mimi nitajua."

Katibu alikuwa ameinuka, amefika mlangoni, uso umebadilika. "Mheshimiwa, tuliyokubaliana ni yale yaliyoandikwa. Ukienda kinyume, jina lako usilitafute kwenye chama."

Fundi alimwona mjomba wake akisimama. Alimfahamu tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na alijua sura yake ya kuogopa, kwa maana aliiona muda mfupi tu uliopita nyuma ya ule mlango. Haikuwepo tena. Mjomba alichukua karatasi mikononi mwa Fundi, akazikunja, akazitia mfukoni palipo na wino.

"Katibu," alisema, "umekaa kwenye kiti cha mama mkwe tangu mchana. Mwenyewe amefika, anakihitaji."

"Utajuta."

"Inawezekana. Lakini nimewaandikia watu hawa miaka mingi ili wazungumze. Leo wamezungumza, halafu mimi niwanyamazishe? Hata mtunzi mbaya hafanyi hivyo."

Katibu aliondoka. Viatu vyake vilisikika mpaka mwisho wa ukumbi.

Wakaingia wote, wakabanana kati ya magodoro kama sare kwenye kabati. Masikio alihesabu kwa vidole nyuma ya kioo, taa ikawaka. Kinyozi alitia mkono kwenye beseni, bahari ikapiga. Mlango usiofungua popote ukafunguliwa, na mama mkwe akasema kwa ulimi wake wa upanga: "Karibuni. Mmekuja wengi hivi, mmeniletea maiti?"

"Tumekuletea kesi," alisema Shangazi, na hakutetemeka hata kidogo.

Wakaisema upya. Haikuwa kama ukumbini. Mzee Tiketi alisahau nusu, Shangazi aliongeza nusu, na mara moja Kinyozi alisema "Mimi ni kinyozi" badala ya "Mimi ni nahodha", akajirekebisha kwa kusema nahodha naye hunyoa. Lakini ilikwenda. Gati likatajwa, na yule mtoto, na taa za ng'ambo, na meli inayoonekana imelala. Mama mkwe, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya mji ule, aliposikia habari ya kujifungulia kwenye mbao alisahau kabisa kwamba yeye ni mama mkwe, akauliza kwa sauti yake ya kweli, "Nani alimkata kitovu?" Shangazi akasema, "Mimi." Akaulizwa alikata kwa kitu gani. Akasema kwa kisu cha mkate. Masikio nyuma ya kioo alivua vidude vyake, na masikio yake yakaonekana kwa mara ya kwanza.

Ikafika zamu. Wakakubaliana. Kisha Shangazi akageuka, na swali lake halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

"Tausi, mwanangu. Wazee wamesema wamemaliza. Wewe unasemaje? Maana anayelala na kesi hii ni wewe."

Mjomba alimtazama Fundi, akafungua viganja vyake vitupu. Fundi aliinamia kipaza sauti. Kimya kilikuwa kirefu, cha kutosha mtu kudhani betri za redio zimekwisha, na baadaye muuza nyama aliapa kwamba aliipiga redio yake kofi.

"Mimi," alisema Tausi, "sifungui sanduku kwa sababu nimebembelezwa. Nalifungua kwa sababu sijui tena nikisema 'kwetu' nielekeze kidole wapi. Huku nimezoea, kule nimezaliwa. Wiki ya mama nitakaa kwa mama, nitamvumilia, anajua ninavyomvumilia."

"Tunavumiliana!" mama mkwe akadakia.

"Lakini wiki ya kwetu, Mama, na wewe utapanda meli. Utakuja ukae kwetu, ukione hicho kisiwa unachokisema kila siku na hujawahi kukikanyaga."

"Mimi? Kisiwa kidogo? Na ule ubishi wao?"

"Njoo," alisema Shangazi, "tutabishana vizuri, na chai ipo."

Taa ikazimika. Kisha zikasikika kelele kutoka nje, kupitia magodoro na trei za mayai, ambazo hazikutengenezwa kuzuia kelele kubwa namna ile. Watu walikuwa wamejaa barabarani mbele ya nyumba ya redio, kila mmoja na redio yake, na walikuwa wanaimba jina la Tausi na la Nahodha na, kwa sababu wasiyoijua wenyewe, la mtoto Gati.

*

Jumatatu Mjomba alisimama Barazani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba. Alisema, "Waheshimiwa, mimi naleta masharti ya wakwe." Akayataja moja moja: zamu, mafuta, taa, chumba cha mabaharia. Mjumbe mmoja wa kisiwa kikubwa alitaka kupinga. Mwenzake akamvuta koti, akamnong'oneza kwamba mama yake yuko nje na redio. Mkataba ukapita kabla ya chai ya saa nne.

Katibu naye alitimiza neno lake. Chama kikamsimamisha mtu mwingine kisiwa kidogo, kijana mwenye sauti nzuri na gari. Mjomba akatangaza kwamba atasimama peke yake, bila chama, na Shangazi akajiteua kuwa meneja wake wa kampeni bila kuulizwa, akawa anapita nyumba hadi nyumba na mwavuli. Watu walipomuuliza Mjomba kama haogopi, alisema aliwahi kuogopa Ijumaa moja kwa muda mfupi na hakupenda. Tena alikuwa ameanza kutembea chumbani akisema kwa sauti za watu wapya, na hiyo ilimtosha.

Wiki ya kwanza ya zamu ilipokwisha, Fundi alikuwa kwenye cherehani yake, anapinda suruali ya muuza nyama, ambaye alikuwa ameileta pamoja na kifurushi kisicho na mfupa hata mmoja na kumwita shemeji mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mlangoni wakasimama watu wanne asiowafahamu, wamevaa nguo za safari, miguu bado inayumba kwa mawimbi. Walitoka kile kisiwa cha tatu, cha mbali, ambacho katika mchezo hakikuwa na mtu ila yule jirani mmbeya.

"Tunamtafuta Mheshimiwa mtunzi," alisema aliyewatangulia, baba mwenye ndevu nyeupe na hasira iliyokuwa imejiandaa safari nzima. "Miaka yote hii, nyinyi mnaoana, mnaachana, mnasuluhishwa. Sisi kazi yetu kuchungulia madirishani tu! Hivi kisiwa kizima hatuna kijana wa kuoa?"

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio, gurudumu likasimama. Akawatazama mmoja mmoja, taratibu, akaona kwamba hawatanii.

"Wapo wangapi?" aliuliza.

"Vijana? Tele!"

"Kaeni, wazee wangu," alisema, akiwavutia benchi ya wateja. "Mjomba atafika sasa hivi. Lakini safari hii mje na shangazi kabisa."